Utafiti wa Kitaamuli kwa Mwanafunzi Anayeanza: Mwongozo Kamili Kutoka Swali Hadi Ripoti

Kila mwaka wapo wanafunzi wanaochagua utafiti wa kitaamuli kwa sababu moja tu: hesabu zinawatisha. Wanadhani watahoji watu kumi, wataandika walichosikia, na kazi imekwisha. Miezi mitatu baadaye wana saa kumi za sauti kwenye simu, kurasa mia mbili za maandishi, na hawajui waanzie wapi. Mimi nilikuwa mmoja wao. Haya hapa chini ndiyo niliyotamani ningeambiwa kabla sijabonyeza kitufe cha kurekodi kwa mara ya kwanza.

Utafiti wa kitaamuli, ambao wengine huuita wa kimaelezo, unafuatilia maana: watu wanalielewaje jambo, wanalipitiaje, wanaamuaje. Ule wa kitakwimu unauliza wangapi, mara ngapi, kwa kiasi gani. Tuchukue mfano mmoja na twende nao hadi mwisho. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanakwama kwenye somo, na mhadhiri ametangaza saa za kumuona ofisini, lakini wengi hawaendi. Hojaji ukiisambaza kwa wanafunzi 500 itakuambia ni asilimia ngapi hawajawahi kukanyaga ofisi ile. Haitakuambia kilichompitia yule aliyefika hadi mlangoni, akasikia sauti ndani, akageuka akaondoka. Huyo wa mlangoni ndiye wako.

Swali kwanza

Usianze kwa kusema "nitafanya mahojiano". Mahojiano ni chombo, na chombo huchaguliwa baada ya kujua kazi.

Swali baya ni kama hili: "Je, aibu inawazuia wanafunzi wa mwaka wa kwanza kumuona mhadhiri?" Jibu lake ni ndiyo au hapana, tena umeshalijibu mwenyewe kwa kuitaja aibu. Swali jingine baya: "Ni kwa kiwango gani kutomuona mhadhiri kunaathiri matokeo ya mtihani?" Hilo ni swali zuri kwa mwenye takwimu, lakini kwako wewe halifai. Ukiona maneno kama "kiwango", "uhusiano kati ya" na "athari za" kwenye swali lako, simama. Ama swali libadilike, ama mbinu ibadilike.

Kiswahili kina kifaa kidogo kinachosaidia hapa, na sijui kwa nini hatukifundishi. "Je" inayotangulia sentensi mara nyingi huomba ndiyo au hapana. Lakini "-je" inayokaa mwishoni mwa kitenzi huomba masimulizi: wanaamuaje, wanaelezaje, wanajipangaje. Kwa hiyo: "Wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliokwama kwenye somo wanaamuaje kwenda au kutokwenda kumuona mhadhiri?" Hapo kuna watu (waliokwama, si wote), kuna jambo (uamuzi), na kuna nafasi ya kushangazwa.

Kipimo cha mwisho cha swali: jiulize kama jibu unaloliwazia sasa hivi linaweza kuwa si kweli. Kama haliwezi kukosea, huna swali. Una msimamo, na msimamo hauhitaji kuingia uwandani.

Soma maandiko ya waliotangulia kabla ya kuanza, ili usirudie walilolimaliza na ujue wamelipa jambo lako majina gani. Ila usiyageuze kuwa masanduku ya kuwatia watu wako kabla hujawasikia.

Mkabala: usitumie jina kubwa kwa kazi ndogo

Hapa wanafunzi hupoteza muda mwingi kuliko unavyostahili, kwa hiyo nitapita haraka.

Ethnografia ni kuishi na watu na kushiriki maisha yao kwa muda mrefu. Bronisław Malinowski aliyefanya kazi katika visiwa vya Trobriand kati ya 1915 na 1918 ndiye hutajwa sana kama aliyeiweka njia hiyo kwenye ramani. Fenomenolojia huchimba jambo moja lilivyo kwa waliolipitia, kwa mfano kufiwa au kuishi na maumivu yasiyokwisha. Barney Glaser na Anselm Strauss mwaka 1967 walieleza namna ya kujenga nadharia kutoka kwenye data zenyewe badala ya kuileta kutoka nyumbani. Uchunguzi kifani huchukua darasa moja, taasisi moja au tukio moja na kulizunguka pande zote. Masimulizi ya maisha humfuata mtu mmoja au wachache tangu mbali.

Kwa shahada ya kwanza, na mara nyingi hata ya pili, mahojiano yaliyofanywa vizuri na kufuatiwa na uchambuzi wa dhamira, yaani kutafuta mawazo makuu yanayojirudia kwenye data, yanatosha kabisa. Virginia Braun na Victoria Clarke waliueleza uchambuzi huo kwa hatua sita mwaka 2006, na unafaa hata kama hujala kiapo cha nadharia yoyote. Nimeona pendekezo likiandikwa "mkabala wa kifenomenolojia" kwa sababu neno lilisikika vizuri, kisha mtahini akauliza swali moja tu kuhusu fenomenolojia na chumba kikawa kimya. Ulichoandika lazima uweze kukieleza kwa maneno ya kawaida.

Nani umhoji, na wangapi

Hatuokoti majina kwa bahati nasibu. Tunawatafuta wenye jambo. Hiyo ndiyo sampuli lengwa, nayo inakudai uandike vigezo: awe mwaka wa kwanza, awe amekwama kwenye somo angalau mara moja muhula huu, awe anafahamu saa za mhadhiri. Kisha tafuta tofauti ndani ya kundi hilo. Waliokwenda na wasiokwenda. Wenye ndugu waliosoma chuo na wasio nao. Ukiwahoji wasiokwenda peke yao, utajuaje kwamba kinachowazuia hao hakiwapati pia wale waliokwenda? Pengine wote waliona hofu ileile, wengine wakaingia nayo.

Njia ya kuelekezana, yaani kila unayemhoji anakutajia mwingine, hurahisisha kazi pale watu wanapokuwa wagumu kupatikana. Hatari yake ni kwamba marafiki hufanana. Anza na vianzio vitatu au vinne visivyojuana.

Idadi ndiyo swali linalowakosesha watu usingizi. Greg Guest na wenzake walichambua mahojiano ya wanawake 60 wa Ghana na Nigeria, na mwaka 2006 wakaonesha kwamba karibu mambo yote makuu yalikuwa yameshajitokeza ndani ya mahojiano 12 ya kwanza, na mengine tangu yale sita ya mwanzo. Tangu hapo 12 imekuwa kama namba takatifu. Isiwe. Kundi lao lilifanana na maswali yalikuwa yaleyale kwa wote. Kundi lako likiwa na mchanganyiko mkubwa, 12 ni chache. Cha kutazama ni data kushiba: mahojiano mawili au matatu mfululizo yasiyoleta jambo jipya. Ili ulione hilo lazima uchambue huku ukiendelea kukusanya. Anayesubiri amalize wote ndipo asikilize hawezi kujua alishiba lini.

Ridhaa na siri

Miaka ya 1960 nchini Marekani, mwanasosholojia Laud Humphreys aliwatazama wanaume waliokuwa wakikutana kwa siri kwenye vyoo vya umma. Aliandika namba za magari yao, akazitumia kupata makazi yao, na muda baadaye akawaendea nyumbani akiwa amebadili sura na kujifanya anakusanya taarifa za afya. Hakumgusa mtu. Lakini daftari lake lingeangukia mkono mbaya, watu wangepoteza ndoa, kazi na uhuru. Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979, mwongozo wa Marekani wa kuwalinda watu wanaofanyiwa utafiti, ambayo kamati nyingi za maadili bado zinaifuata, inadai mambo matatu: kumheshimu mtu, kumtakia mema, na kutenda haki.

Kwako wewe maana yake ni hii. Pata kibali cha kamati ya maadili kabla ya kumhoji mtu wa kwanza, kwani kibali hakirudi nyuma. Andika fomu ya ridhaa kwa lugha ambayo mshiriki anaizungumza. Mwambie anaweza kukataa swali lolote, anaweza kuondoka katikati, na anaweza kukupigia kesho akasema futa. Taja mpaka tarehe ya kufuta sauti, na uikumbuke.

Jina bandia halitoshi. "Neema, mwanamke pekee katika darasa la uhandisi, aliyehamia kutoka chuo kingine" ameshajulikana hata ukimwita Bahati. Unaweza kuondoa au kulegeza maelezo mengine mradi maana isiharibike, na useme kwenye ripoti kwamba umefanya hivyo.

Angalia pia cheo chako. Kama unasahihisha kazi za mwanafunzi unayemhoji, ridhaa yake ina kasoro hata akitabasamu.

Maswali: omba tukio, acha maoni

Kama una muda wa kusoma sehemu moja tu, soma hii.

Mtu ukimuuliza "Unaonaje kuhusu saa za kumuona mhadhiri?" atakujibu anachodhani kinapaswa kujibiwa. "Ni nzuri, zinasaidia." Umepoteza dakika tano. Muulize: "Nisimulie mara ya mwisho ulipokwama kwenye somo. Ulikuwa wapi? Ukafanya nini kwanza?" Sasa hana budi kurudi kwenye siku ile, na siku ile ina mambo ambayo hata yeye hakuyapanga kuyasema. Maoni watu huyabeba tayari yamepigwa pasi. Tukio huja na mikunjo yake.

James Spradley mwaka 1979 alieleza aina ya maswali yanayomtaka mshiriki akutembeze kwenye ulimwengu wake: nieleze siku yako ilivyokuwa tangu asubuhi, nioneshe kazi hii hufanywaje mwanzo hadi mwisho. Anza na moja ya hayo. Ni jepesi, na linakupa maneno ya mshiriki mwenyewe ya kutumia baadaye.

Lihofie kidogo "kwa nini". Kwa nini hukwenda? Linasikika kama la mzazi au la hakimu, na mtu hujibu kwa kujitetea. "Ilikuwaje mpaka ukaamua usiende?" linauliza jambo lilelile bila kumweka kizimbani.

Kwa mahojiano ya saa moja, maswali makuu sita hadi nane yanatosha. Hayo ndiyo mwongozo wako wa mahojiano nusu huru: unajua unakotaka kufika, lakini njia unaiacha ipinde. Chini ya kila swali weka vichokoo vifupi: Ikawaje? Hapo ulijisikiaje? Uliposema "wale", ni akina nani? Na kimya. Mtu akimaliza kusema, hesabu moyoni hadi tano kabla ya kufungua mdomo. Utashangaa mara ngapi jambo lenyewe linakuja katika hesabu ya nne.

Jaribu maswali kwa watu wawili ambao hutawatumia. Swali litakaloleta "unamaanisha nini?" mara mbili, libadilishe.

Siku ya mahojiano

Rekodi kwa vifaa viwili. Nilijifunza hili baada ya simu kuita katikati ya mahojiano: nikaikata, nikaomba radhi, tukaendelea dakika arobaini, na jioni nikagundua kwamba rekodi ilikuwa imesimama pale pale simu ilipoita. Mama wa watu aliniambia mambo mazito ambayo sikuweza kumrudia na kumwomba ayaseme upya. Weka simu kwenye hali ya ndege. Jaribu sauti mahali penyewe, kwa sababu feni ambayo sikio lako halisikii, kinasa huisikia vizuri sana.

Omba ridhaa ya kurekodi kabla, kisha irudie ikiwa inarekodiwa. Akikataa kurekodiwa, andika kwa mkono bila kununa.

Usimsaidie mshiriki kumaliza sentensi. Usiseme "yaani uliogopa, sivyo?" Na mahojiano yakiisha, usikimbilie kufunga begi. Watu husema la maana zaidi kifaa kikishazimwa. Muulize kama unaweza kulitumia hilo pia, kisha kaa mahali ndani ya nusu saa uandike: alivyokaa, alipocheka, alipokwepa, na kilichokushtua wewe.

Hiki ni kipande nilichokitunga kuonesha mfano wetu ungesikikaje:

Mtafiti: Umesema ulifika hadi mlangoni. Nisimulie hapo.

Mshiriki: Nilifika tu. Mlango ulikuwa wazi kidogo, nikasikia anaongea na watu, wanacheka. Nikaona haya kuwakatiza. Nikasema nitarudi.

Mtafiti: Ukarudi?

Mshiriki: (anacheka) Sikurudi. Baadaye nikafikiria, swali lenyewe ni la mambo ya sekondari. Niingie na swali la sekondari, si aibu hiyo?

Mtafiti: Aibu kwa nani?

Mshiriki: Kwa wale wenzangu waliokuwa mle ndani. Yeye mhadhiri hanijui hata jina.

Tazama swali la mwisho la mtafiti. Ni maneno matatu, na ndiyo yaliyofungua kila kitu. Tutarudi hapa.

Vikundi na kutazama kwa macho

Mjadala wa kikundi, kwa kawaida wa watu sita hadi wanane, hauokoi muda wa kuhoji mmoja mmoja, ingawa wengi huutumia kwa sababu hiyo. Unakupa kitu kingine: yale ambayo watu wako tayari kuyasema mbele ya wenzao, wanavyokubaliana, wanavyopingana, nani ananyamaza nani akisema. Kwa mfano wetu, ambapo shida yenyewe huenda ni macho ya wenzao, kikundi kingekuwa chaguo baya. Nani atakiri aibu mbele ya haohao anaowaonea aibu?

Kushuhudia kwa macho kunarekebisha maneno. William Foote Whyte alipoishi katika mtaa wa wahamiaji wa Kiitaliano jijini Boston mwishoni mwa miaka ya 1930, mwenyeji wake alimshauri apunguze kuuliza nani, nini na kwa nini. Akae tu nao, na majibu yatamjia bila hata kuuliza. Whyte alikuja kukiri kwamba alipata majibu ya maswali ambayo asingejua kuyauliza.

Gawa ukurasa wa daftari sehemu mbili. Kushoto andika ulichoona: "Saa 8:10, wanafunzi watatu nje ya mlango, mmoja anasoma tangazo mara mbili, anatoa simu, anaondoka." Kulia andika ulichowaza: "Pengine alikuwa anatafuta kisingizio cha kusimama pale." Ukichanganya hivyo viwili, mwezi mmoja baadaye hutajua ni kipi ulikiona.

Kugeuza sauti kuwa maandishi

Saa moja ya sauti humchukua anayeanza saa nne hadi sita kuiandika. Mahojiano 12 ya saa moja moja ni kazi ya saa 48 hadi 72, na hujaanza kuchambua. Liweke hilo kwenye ratiba.

Programu za kuandika sauti zinasaidia, lakini zinayumba mtu anapochanganya lugha au anapozungumza lafudhi ya kwao, na zitakuandikia sentensi nzuri ambayo hakuisema. Rudia kila mstari kwa sikio. Na kabla ya kupandisha sauti ya mtu kwenye mtandao, angalia kama fomu yako ya ridhaa iliruhusu. Mara nyingi haikuruhusu.

Andika kama alivyosema. Vicheko, kusita, "aa" ndefu, vyote viingie. Usimnyooshee sarufi. Kama ripoti inatakiwa kwa lugha nyingine, chambua katika lugha iliyozungumzwa na utafsiri nukuu zitakazoingia kwenye ripoti tu, ukiweka ya asili kando. Sababu yake utaiona sasa hivi.

Uchambuzi

Soma yote mara mbili bila kalamu. Ni vigumu, lakini jizuie. Mara ya tatu, weka misimbo pembeni: neno au kifungu kifupi kinachosema kipande hiki kinahusu nini.

Turudi mlangoni. Mchambuzi mwenye haraka angeandika msimbo mmoja, "aibu", kwa kipande kizima, na kama angekuwa anafanya kazi na tafsiri ya lugha nyingine huenda asingekuwa na njia ya kujua zaidi. Lakini mshiriki alitumia maneno mawili. Aliona *haya* kuwakatiza watu wanaozungumza. Haya ni adabu. Mtu asiye na haya ndiye anayelaumiwa. Kisha akasema *aibu*, na aibu ni kuvunjiwa heshima mbele ya macho ya watu. La kwanza lilimrudisha siku ile, na alikuwa na nia ya kurudi. La pili ndilo lililomzuia kabisa. Na halikumhusu mhadhiri, asiyemjua hata jina, bali wenzake. Kwa hiyo misimbo yangu ingekuwa: "haya ya kukatiza mazungumzo", "swali la sekondari", "macho ya wenzangu", "mhadhiri hanijui". Miwili kati ya hiyo ni maneno yake mwenyewe, na misimbo ya namna hiyo huwa na uhai kuliko ya kubuni.

Maliza mahojiano matatu, kisha tazama orodha ya misimbo. Itakuwa ndefu na inayorudiana. Unganisha, gawanya, iandikie kila mmoja maana ya sentensi moja, halafu endelea na mengine. Kila unapopata wazo, liandike na tarehe: "Waliokwenda wote watatu walikwenda wawili wawili. Je, rafiki ni ngao?" Vijikaratasi hivyo ndivyo vitakavyokuwa sura ya matokeo, ingawa sasa vinaonekana kama porojo.

Kisha dhamira. Kosa la kawaida kuliko yote ni kuita dhamira kitu ambacho ni kichwa cha habari. "Mawasiliano" si dhamira. "Changamoto" si dhamira, na ningependa neno hilo lipumzishwe mwaka mzima. Dhamira inadai jambo: "Mhadhiri si wa kuogopwa, kinachoogopwa ni kuonekana na wenzako ukiuliza swali dogo." Hiyo inaweza kupingwa, na kwa sababu hiyo inaweza kupimwa. Rudi kwenye data utafute anayeipinga. Yupo aliyekwenda peke yake, akauliza swali la sekondari mbele ya watu, na hakujali? Usimfiche. Mweleze. Pengine yeye ni mtu mzima aliyerudi masomoni, na wale ndani si "wenzake" kwa maana ileile. Dhamira yako sasa imekuwa na mipaka, na mipaka hiyo ndiyo inayoifanya iaminike.

NVivo na ATLAS.ti ni programu zinazotumika sana, na Taguette ni ya bure. Zinakusaidia kupanga na kutafuta. Kuwaza ni juu yako. Kwa mahojiano kumi, kalamu za rangi na karatasi vinafanya kazi hiyohiyo.

Mtahini atakuuliza: tutakuamini vipi?

Usijitetee kwa vipimo vya takwimu. Yvonna Lincoln na Egon Guba mwaka 1985 walipendekeza vigezo vinne vya utafiti wa aina hii: matokeo yaaminike kwa wanaolijua jambo, msomaji apewe maelezo ya kutosha kuamua kama yanafaa mahali pake, utaratibu uweze kufuatiliwa, na hitimisho litoke kwenye data badala ya matakwa ya mtafiti.

Kwa vitendo, tunza daftari la maamuzi: lini ulibadili swali, kwa nini uliunganisha misimbo ile miwili, nani ulimwacha. Linganisha vyanzo, waliyosema na uliyoyaona kwenye korido. Rudisha muhtasari kwa washiriki wachache, ila usiwape kura ya turufu. Mtu anaweza kukataa tafsiri kwa sababu ni ya kweli na inauma. Na jiandike mwenyewe: wewe ni nani kwao? Kama uliwahi kuwa mwanafunzi huyo wa mlangoni, sema. Itakuwa imekusaidia kusikia baadhi ya mambo na kukuziba masikio kwa mengine.

Usiandike "asilimia 60 ya washiriki" kama uliwahoji watu kumi. Andika "sita kati ya kumi" pale inapobidi, na pengi haibidi.

Kuandika

Nukuu haijielezi. Itangulize, iweke, kisha sema unasoma nini ndani yake. Mistari mitatu inatosha mara nyingi kuliko kumi. Ukimaliza rasimu, hesabu kila mshiriki amenukuliwa mara ngapi. Karibu kila mara kuna msemaji mmoja hodari aliyejaza sura nzima, na wawili ambao hawamo kabisa. Rudi kwa hao wawili; aidha wana jambo ulilolipita, aidha ulipaswa kuuliza vingine.

Sura ya mbinu ieleze ulichofanya, pamoja na mahojiano yaliyoharibika. Mapungufu yawe ya utafiti wako hasa. "Muda haukutosha" ni sentensi ya kila mtu. "Waliokubali kuhojiwa huenda ndio wasioona aibu sana kuzungumza na mgeni" ni sentensi yako, na inamwonesha mtahini kwamba umelielewa jambo.

Ripoti ikishapita, fungua tena fomu ya ridhaa uangalie tarehe. Ikifika, futa sauti kwenye kompyuta, kwenye hifadhi ya mtandaoni, na kwenye ile simu ya pili uliyoitumia kama akiba, ambayo kila mtu huisahau.